Mali bila daftari: namna ya kuifanya kompyuta ikwambie faili gani limebadilika



Leo naomba niwachoshe kidogo na mambo ya kompyuta. Najua wengi wetu ni watu wa lugha, wa historia, wa sheria, na tukisikia neno skripti tunageuza ukurasa. Nawaomba leo msigeuze. Mimi mwenyewe si fundi. Nilijifunza haya baada ya kuumia, na sipendi mwingine aumie kwa jambo ambalo dawa yake ni mistari isiyofika ishirini.

Nianze na kisa chenyewe.

Mwaka 2011 nilikwenda Lamu na kamera, nikapiga picha daftari la marehemu babu. Lilikuwa la kurasa 214, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: madeni, tarehe za kuzaliwa watoto, majahazi yaliyokuja na yaliyoondoka, na mambo ya viwanja na minazi ya ukoo. Babu alikuwa na tabia moja. Jambo lenyewe aliliandika katikati ya ukurasa, na majina ya mashahidi akayaandika pambizoni, kwa mwandiko mdogo, wakati mwingine ukurasa ukiwa umegeuzwa ubavu. Mwaka 2015 paa lilivuja, daftari likalowa, wino ukatawanyika. Sikuhuzunika sana. Nilijiambia, si nina picha?

Mwaka 2019 shangazi akanipigia simu. Palikuwa na maneno juu ya kiwanja kimoja, na yeye alikumbuka kwamba babu aliandika majina ya mashahidi watatu. Nikafungua kompyuta nikatafuta ukurasa ule. Jina la faili lipo. Picha inafunguka. Maandishi ya katikati safi kabisa, tena yanang'aa kuliko zamani. Pambizo haipo.

Kumbe programu moja ya kupanga picha niliyoiweka miaka ya nyuma ilijipa kazi ya "kuboresha". Picha ilizoziona zimepinda ikazinyoosha, ikakata kingo, kisha ikahifadhi juu ya faili lile lile. Nilipohesabu nikakuta picha 37 zimekatwa namna hiyo.

Mtaniuliza: hukuwa na nakala ya akiba? Nilikuwa nayo bwana, tena mbili. Diski ya nje niliyoisawazisha na kompyuta kila wiki, na nyingine kwenye hifadhi ya intaneti. Sasa fikirini maana ya kusawazisha. Ni kuifanya nakala iwe sawa na faili lililoko kwenye kompyuta, na faili la kwenye kompyuta lilikuwa limekwisha kukatwa. Basi diski ikanakili ubovu kwa uaminifu mkubwa, na hifadhi ya intaneti nayo ilikuwa ikiweka matoleo ya zamani kwa siku 30 tu.

Kilichoniokoa, na si chote, ni DVD niliyomchomea binamu yangu wa Dubai mwaka ule ule wa 2011. Ilikuwa imekwaruzika. Katika picha 37 tukapata 29. Nane zimekwenda, na ukurasa alioutaka shangazi ni mmoja wa hizo nane.

Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesema kompyuta haisahau."

Hapo ndipo nilipoukumbuka msemo tuliofundishwa tangu utotoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi mali nilikuwa nayo, tena katika nakala tatu. Kilichokosekana ni daftari la kuniambia kwamba siku fulani mali yangu iliguswa.

TAREHE YA FAILI SI SHAHIDI

Fikra ya kwanza inayomjia mtu ni kuangalia tarehe. Kila faili lina tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho, basi si tuangalie hiyo? Nami nilifanya hivyo. Nikakuta picha zote, nzima na zilizokatwa, zina tarehe moja: siku niliyohamia kompyuta mpya. Chombo nilichonakilia kiliandika tarehe ya siku ile kwenye kila faili. Mpaka leo sijui pambizo zilikatwa mwaka gani.

Tarehe ni kibandiko kilichobandikwa juu ya faili, na yeyote aweza kukibadilisha. Kwenye Linux au Mac amri moja iitwayo touch yatosha kulipa faili tarehe ya mwaka 1985. Tena ziko programu zinazobadilisha yaliyomo halafu zikairudisha tarehe ya zamani, kwa nia njema kabisa, ili picha zako zisivurugike mpangilio.

Kwetu sisi tunaoishi huku na huku kuna fitina nyingine. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa zamani uitwao FAT. Mfumo huo huandika saa ya mahali ulipo bila kuandika ni saa ya wapi, na hupima muda wa kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili mbili. Diski ya ndani ya Windows hutumia NTFS, ambayo huandika saa ya dunia nzima, kisha huigeuza kukuonyesha saa ya mahali ulipo. Hifadhi faili London saa nne asubuhi wakati wa baridi, moja kwenye flashi na moja kwenye diski ya ndani, kisha safiri nayo Muscat na uigeuze saa ya kompyuta iwe ya huko. Faili la flashi litadai limeandikwa saa nne asubuhi, la diski litasema saa nane mchana. Faili ni lile lile na hakuna aliyeligusa. Na kila Machi na Oktoba, Uingereza inapogeuza saa, yanatokea mambo ya namna hiyo hiyo.

Ukubwa wa faili je? Ni afadhali kidogo, lakini hautoshi. Badilisha tarakimu moja ndani ya faili la maandishi, 1958 iwe 1953, na ukubwa utabaki ule ule.

ALAMA YA DOLE GUMBA

Wazee wetu ambao hawakujua kuandika walitia dole gumba, na dole gumba la mtu halifanani na la mwingine. Faili nalo laweza kutia dole gumba. Iko hesabu iitwayo SHA-256 inayosoma faili lote, tangu mwanzo hadi mwisho, liwe barua ya mistari mitatu au kanda ya saa mbili, kisha inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukiirudia hesabu hiyo kwa faili lile lile, leo au baada ya miaka kumi, Lamu au Toronto, jibu ni lile lile. Ukibadilisha nukta moja tu ndani ya faili, jibu lote linageuka na halifanani hata kidogo na la mwanzo. Jina na tarehe haviingii katika hesabu. Yanayohesabiwa ni yaliyomo peke yake.

Mtakutana na ndugu zake wakubwa. MD5 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 watafiti wa Kichina wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja. SHA-1 ikafuata: mwaka 2017 Google pamoja na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa hati mbili tofauti za PDF zenye alama moja. SHA-256 bado haijavunjwa, basi tumieni hiyo.

Iko alama moja ya kuikariri, au angalau mwanzo wake: e3b0c44298fc. Hiyo ndiyo alama ya faili tupu, lisilo na kitu ndani. Ukiiona mbele ya jina la picha ya bibi yako, ujue faili lipo kwa jina tu.

Fikra hii si yangu wala si mpya. Mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwanafunzi Gene Kim na mwalimu wake Gene Spafford walitoa programu iitwayo Tripwire iliyofanya kazi hiyo hiyo. Iliandika alama za mafaili ya mfumo, na baadaye ikawaambia wasimamizi ni lipi limebadilika, ili mvamizi asifiche nyayo zake. Sisi tutafanya yale yale kwa udogo wetu.

SKRIPTI YENYEWE

Skripti ni karatasi ya maagizo tu. Unaandika amri moja chini ya nyingine, na kompyuta inazitekeleza kwa mpangilio. Hii ni ya Linux. Iandike kwa programu ya maandishi matupu, uiite kagua.sh:

#!/bin/bash
export LC_ALL=C
KABATI="$HOME/miswada"
DAFTARI="$HOME/daftari"
LEO=$(date +%Y-%m-%d-%H%M)
MSINGI="$DAFTARI/msingi.txt"
TOFAUTI="$DAFTARI/$LEO-tofauti.txt"

mkdir -p "$DAFTARI"
cd "$KABATI" || exit 1

find . -type f -print0 | sort -z | xargs -0 sha256sum > "$DAFTARI/$LEO.txt"

if [ ! -f "$MSINGI" ]; then
  cp "$DAFTARI/$LEO.txt" "$MSINGI"
fi

diff "$MSINGI" "$DAFTARI/$LEO.txt" > "$TOFAUTI"

if [ -s "$TOFAUTI" ]; then
  cat "$TOFAUTI"
else
  echo "Shwari."
fi

Tuipitie polepole.

KABATI ni folda yenye mali yako. DAFTARI ni folda ya kumbukumbu, na lazima iwe nje ya kabati. Ukiiweka ndani, daftari litajihesabu lenyewe na kila siku utaambiwa kuna jambo jipya. LEO ni tarehe na saa. Nimeanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili majina yajipange yenyewe kwa utaratibu.

Mstari mrefu ndio moyo wa kazi. Amri ya find inatembea ndani ya kabati, chumba kwa chumba, na kutaja kila faili. Amri ya sort inayapanga majina, na ule mstari wa LC_ALL juu kabisa unahakikisha mpangilio ni mmoja kila siku. Amri ya xargs inayakabidhi kwa sha256sum, nayo inachukua dole gumba la kila moja. Yale maneno print0, z na 0 yamewekwa kwa ajili ya majina yenye nafasi katikati, maana sisi tunapenda kuyaita mafaili "barua ya ami 2". Bila hayo skripti ingedhani hayo ni majina manne.

Siku ya kwanza hakuna cha kulinganishia, basi orodha ya siku hiyo inakuwa daftari la msingi. Kuanzia siku ya pili, amri ya diff inalinganisha msingi na leo. Kama hakuna tofauti utasomewa neno "Shwari."

Wenye Mac ambao hawana sha256sum waandike shasum -a 256 mahali pake. Wenye Windows 10 au 11 wanaweza kuweka Linux ndogo iitwayo WSL ndani ya Windows na kuitumia skripti hii hii. Au watumie PowerShell, ambayo tangu toleo la 4.0 ina chombo chake, na SHA-256 ndiyo chaguo lake la kawaida:

Get-ChildItem -Recurse -File | Get-FileHash | Export-Csv $HOME\daftari.csv

Amri hii wataiendesha wakiwa ndani ya folda ya mali yao.

KUSOMA TAARIFA

Mstari unaoanza na alama < umetoka kwenye daftari la msingi. Unaoanza na > ni wa leo. Habari ni za aina nne tu.

Jina liko upande wa < peke yake, na dole gumba lake halionekani pengine: faili limefutwa.

Jina liko upande wa > peke yake: faili ni jipya.

Jina ni moja pande zote mbili, dole gumba tofauti: yaliyomo yamebadilika. Hii ndiyo iliyonikuta mimi, na ndiyo ya kuogopwa kwa kuwa kwa macho huioni.

Dole gumba ni moja, jina tofauti: faili ni zima, ila limehamishwa au limepewa jina jingine.

Hii ya nne ina mtego kwa sisi wenye miswada. Mafaili yangu mengine nimeyaita kwa herufi za Kiarabu. Alifu yenye hamza juu yake, kompyuta yaweza kuiandika kwa namna mbili: kama herufi moja kamili, au alifu tupu kisha hamza ikafuata. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni viwili. Mfumo wa zamani wa Mac, HFS+, ambao Apple ilianza kuuondoa mwaka 2017, ulikuwa ukizitenganisha. Nilipohamisha folda kutoka Mac ya zamani kwenda Linux nikaambiwa mafaili kadhaa "yamefutwa" na mengine idadi ile ile ni "mapya". Moyo ulinidunda. Kuangalia madole gumba, ni yale yale. Majina tu yalivuliwa kofia na kuvishwa tena.

Na siku ukiamka ukakuta karibu kila faili limebadilika kwa mpigo, usianze kufungua moja moja. Ondoa kompyuta kwenye intaneti, chomoa diski ya nje, utafute mtu wa kukusaidia. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, huacha picha ya namna hiyo.

LINI, NA KWA NINI SI PAPO HAPO

Skripti yaweza kujiendesha yenyewe. Ipe ruhusa kwa chmod +x kagua.sh, kisha andika crontab -e na uweke mstari huu:

0 3 * * * $HOME/kagua.sh

Hiyo 3 ni saa ya kompyuta, yaani saa tisa usiku kwa hesabu yetu. Kompyuta lazima iwe imewashwa saa hiyo. Kama unaizima usiku, weka saa uliyo macho.

Wajuzi wataniuliza mbona situmii njia za kuona badiliko papo hapo. Zipo. Linux ina inotify tangu mwaka 2005, Mac ina FSEvents tangu 2007, na Windows ina zake. Ni nzuri, na hukwambia jambo sekunde ile ile. Lakini inotify ni mlinzi ambaye lazima awepo mlangoni. Akiwa amelala, yaliyopita yamepita. Haingii folda za ndani mpaka umwelekeze moja moja, na haoni mabadiliko yaliyofanywa na kompyuta nyingine kwenye diski ya mtandao. Daftari la madole gumba halijali nani alikuwa macho. Faili likiguswa mwezi uliopita kompyuta ikiwa mkononi mwa mwanao, leo litasema.

MAMBO MATATU NILIYOJIWEKEA

Kwanza, daftari la msingi halijibadilishi. Angalieni vizuri kwamba skripti hailinganishi leo na jana. Ingelinganisha na jana, badiliko ningelionyeshwa siku moja tu, na siku hiyo nikiwa safarini basi tena. Hivi ilivyo, taarifa itarudiwa kila siku mpaka mimi mwenyewe nikubali kwa kunakili orodha ya leo juu ya msingi, kwa mkono wangu. Kukubali ni kazi ya binadamu.

Pili, skripti kwanza, kusawazisha baadaye. Sichomeki diski ya akiba mpaka nimesoma "Shwari" au nimeielewa kila tofauti. Hapa ndipo nilipopotea mwanzo. Ningefuata utaratibu huu, zile picha 37 zingejitokeza wiki ile ile, na nakala nzima zingekuwa bado kwenye diski.

Tatu, shahidi asilale nyumba moja na mali. Nakala ya daftari la msingi namtumia binamu. Tena nachukua dole gumba la daftari lenyewe, herufi 64 tu, nikaliandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuliweka pamoja na pasipoti. Mtu akilichezea daftari, karatasi itamsema.

Nisiwadanganye: skripti hii hairudishi kilichopotea. Haisemi nani aliyegusa wala saa gani. Haijui kama badiliko ni zuri au baya. Inajua jambo moja tu, kwamba kilichopo leo sicho ulichokiweka, na hilo moja ndilo nililolikosa kwa miaka yote ile.

Kuhusu kile kiwanja, shangazi alikwenda kwa wazee wawili waliokuwa bado hai, wakakumbuka majina mawili katika matatu. La tatu halijapatikana. Zile picha 29 ziko salama, na asubuhi hii daftari limesema "Shwari." Ninyi mnaokaa na sauti za wazee, barua za kizamani na picha za arusi za mama zenu, fungueni folda moja leo hii, mzitie dole gumba. Nikiwa nimekosea mahali, nisahihisheni.

Ndugu yenu.